Tufundishwe Kuwasha Gari Kabla ya Kufundishwa Kuliendesha

Tukizungumzia usalama barabarani, mara nyingi tunazungumzia mwendo. Mabango yanatuonya tupunguze mwendo, trafiki anasimama na tochi yake kwenye kona, na abiria wa basi hupaza sauti dereva akizidisha mafuta. Ni sawa, kwa maana mwendo unaua. Lakini ipo hatari nyingine isiyo na bango wala tochi, nayo ni ya gari ambalo halijaanza hata kwenda. Lipo uani, au kwenye maegesho ya soko, au mbele ya duka la dawa, na mtu ameshika ufunguo anataka kuliwasha.

Hoja yangu ni kwamba kuwasha gari ni kazi inayostahili kufundishwa na kutahiniwa, sawa na kupita kwenye kipilefti au kulipita lori mlimani. Sisi hatuifundishi inavyostahili. Tunaichukulia kuwa jambo la kuzungusha ufunguo tu, na tumezidi kuipuuza wakati ule ule magari yetu yanabadilika. Baba zetu walijifunza kwenye Land Rover, Peugeot 404 na malori ya Bedford, yote ya klachi. Sisi tunanunua IST, Vitz, Passo na Noah za otomatiki zilizokwisha kutumika Japan. Gari limebadilika ndani ya kizazi kimoja, lakini somo limebaki lile la Peugeot.

Kuna wakati kuwasha gari kulikuwa hatari ya wazi kwa anayewasha. Dereva alisimama mbele ya gari, akaingiza hendeli ya chuma na kuizungusha kwa nguvu mpaka injini ishike. Injini ikishika kabla ya wakati wake, hendeli ilirudi kinyume na kumvunja mkono. Madaktari wa enzi hizo waliuzoea mvunjiko huo wa karibu na kiganja hata wakaupa jina la madereva. Kisha mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ikaanza kuuza magari yenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na hendeli ikaanza kupotea. Ulikuwa ukombozi mkubwa. Ila hatari haikwisha, ilihama. Zamani aliyekosea kuwasha aliumia yeye mwenyewe. Leo anayekosea kuwasha humuumiza aliye mbele au nyuma ya gari. Mtu akiona hatari iko kwake hujifunza haraka. Ikiwa kwa mwingine, lazima afundishwe.

Tuanze na gari la klachi, kwa sababu ndilo lililotulea. Mwalimu mzuri wa gari hili humfundisha mwanafunzi mambo matatu kabla ya kugusa ufunguo: breki ya mkono iwe imevutwa, gia iwe huru, na klachi ikanyagwe hadi chini. Gia huru haikaguliwi kwa macho. Unashika mkono wa gia na kuutikisa kushoto na kulia, na ukicheza bila kukwama ndipo unaamini. Klachi nayo hukanyagwa hata kama gia iko huru, kwa sababu mbili. Kwanza, stata haitazungusha gia boksi pamoja na injini, hivyo betri inapata nafuu. Pili, kama mkono wako umekudanganya na gia imo, gari halitaruka.

Hilo la kuruka si dogo. Stata peke yake, hata kabla injini haijawaka, ina nguvu ya kulisogeza gari lililoachwa kwenye gia ya kwanza. Magari mapya mengi ya klachi hukataa kuwaka mpaka klachi ikanyagwe, lakini pikapu na malori mengi ya zamani hayana kizuizi hicho. Na madereva wetu wana desturi, ambayo kwenye mlima ni desturi njema, ya kuegesha gari likiwa kwenye gia ili lisiteleze. Sasa fikiria kijana wa kuosha magari anayeingia ndani, miguu ikining'inia nje ya mlango, akazungusha ufunguo ili asikilize redio anapofuta dashibodi. Anauzungusha hatua moja zaidi. Gari linaruka, na mwenzake amechuchumaa mbele anasugua bampa. Hapo hakuna mwendo wa kupimwa kwa tochi, na nusu mita inatosha kumponda mtu miguu ukutani.

Hata hivyo gari la klachi lina fadhila moja ambayo hatukuithamini mpaka lilipoanza kututoka, nayo ni kwamba humwadhibu anayekosea papo hapo na kwa adhabu ndogo. Ukiachia klachi vibaya, gari linatikisika na kuzima. Mwanafunzi anaona aibu, anaanza upya, na kosa limeishia hapo. Gari la otomatiki haliko hivyo. Ukikosea, injini haizimi, gari linakwenda.

Nilisimama siku moja kwenye yadi ya magari jijini Dar es Salaam, mama mmoja anakabidhiwa gari lake la kwanza. Alikuwa na leseni, na alifundishwa kwenye gari la klachi kama wengi wetu. Muuzaji, kijana mchangamfu, alimfungulia mlango na kumpa ufunguo. Mama akazungusha, injini ikawaka, na spika ikatoa sauti ya mwanamke akizungumza Kijapani kwa adabu zote.

"Kaka, anasema nini huyu?"

"Achana naye mama, Kijapani hicho. Atasema kila siku ukiwasha."

"Na hizi herufi?"

"P ni kupaki, R kurudi nyuma, D kwenda. Hili ni oto mama yangu, halina kazi. Mafuta na breki tu."

Yalikuwa mafunzo yote aliyopewa. Kwa wanaojiuliza, sauti ile kwa kawaida humkumbusha dereva kuwa kadi ya kulipia barabara za Japan haimo kwenye mashine yake. Haina madhara. Lakini ndani ya droo ya gari lile kulikuwa na kitabu kinene cha mwongozo, na chenyewe kilikuwa cha Kijapani. Kwenye kivuli cha jua kulikuwa na onyo lililobandikwa, la Kijapani vilevile. Mtengenezaji alikwisha kueleza namna ya kuliwasha gari lile salama. Alieleza kwa lugha ya mteja wake wa kwanza, na sisi wateja wa pili tukapokea chuma bila maelezo. Sitamlaumu yule kijana. Aliambiwa auze, hakuambiwa afundishe. Lakini mahali fulani kati ya bandari ya Japan na ya Dar es Salaam, kazi ya kufundisha ilidondoka, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Mafuta na breki tu." Ndani ya maneno hayo ndimo hatari ilimojificha. Mguu wa kushoto uliozoea klachi umeambiwa hauna kazi, lakini miezi mitatu ya mazoezi haifutiki kwa kauli. Gari likishtuka, mguu ule hurudi kwenye kazi yake ya zamani na kukanyaga kwa nguvu zote, na kwenye otomatiki kinachokutana nao ni pedali pana ya breki. Gari linasimama ghafla, wa nyuma anakugonga. Kuna pia magari ya familia ambayo breki yake ya kuegesha hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, pale pale klachi ilipokuwa. Mguu wa kulia nao una shida yake. Sasa unabeba pedali mbili peke yake, moja ya kusimamisha na moja ya kuondoa, na zimepakana.

Marekani waliyapitia haya miaka ya 1980. Gari aina ya Audi 5000 lilishutumiwa kuwa linachomoka lenyewe. Madereva walisimulia kitu kimoja: waliwasha gari, wakatoa gia kwenye P kuingiza D au R, gari likachomoka kwa nguvu huku wao, kwa imani yao, wamekanyaga breki. Mwaka 1986 televisheni iliitangaza habari hiyo nchi nzima, na mauzo yakaporomoka. Idara ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA, ikachunguza magari ya kampuni mbalimbali na kutoa ripoti yake mwaka 1989. Ilionekana kuwa, katika visa vingi, mguu ulikuwa kwenye mafuta badala ya breki. Baadhi ya magari yale yalikuwa na hitilafu iliyofanya injini ipandishe mzunguko kidogo gari likiwa limesimama. Kishindo hicho kidogo kilimshtua dereva, akakanyaga alichodhani ni breki, gari likazidi, naye akazidi kukanyaga.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi nikizungumza na wanafunzi wa udereva, kwa kuwa ndilo kiini cha somo. Mtu aliyekosea pedali hajui kuwa amekosea. Ubongo wake umetoa amri ya breki na unaamini imetekelezwa. Kwa hiyo kumwambia dereva "kuwa makini" hakumsaidii, maana yeye katika sekunde ile yuko makini kabisa. Kinachomsaidia ni utaratibu unaouweka mguu kwenye breki kabla ya injini kuwaka, wakati akili imetulia. Mguu ulio tayari juu ya breki hauna haja ya kuitafuta.

Audi nao walilijibu hivyo. Waliongeza kifuli kinachozuia gia kutoka P mpaka breki ikanyagwe, na malalamiko yakapungua sana. Leo kifuli hicho kimo kwenye karibu kila otomatiki, na Marekani kimekuwa cha lazima kisheria kwa magari madogo tangu mwaka 2010. Kabla yake, tangu 1968, sheria yao ilikwisha kutaka otomatiki isikubali kuwaka ikiwa gia imo kwenye D au R, na N ikae katikati ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Kila kifuli ndani ya IST yako kina historia ya watu walioumia.

Na sisi tunavifungua vifuli hivyo kwa mikono yetu. Angalia pembeni ya mkono wa gia wa Toyota nyingi: kuna kidude kidogo kimeandikwa SHIFT LOCK. Kimewekwa kwa dharura, kwa mfano betri ikiwa imekufa na gari linatakiwa kuvutwa. Lakini wapo madereva wanaokibonyeza kila asubuhi, kwa kuwa gia "inagoma" kutoka P, na fundi amewaonyesha njia ya mkato. Mara nyingi ugonjwa hapo ni swichi ndogo iliyoko kwenye pedali ya breki, ile ile inayowasha taa nyekundu za nyuma. Yaani dereva huyo amepoteza kinga yake ya kuwasha, na hapo hapo anaingia barabarani bila taa za breki. Swichi hiyo ni ya bei ndogo. Fundi anayekufundisha kuishi na ubovu huo badala ya kuubadilisha hakutakii mema.

Basi utaratibu wenyewe ukoje? Nitaueleza kama ningependa ufundishwe, kwa magari yote mawili, kwa kuwa sehemu kubwa haitofautiani.

Unaanza nje ya gari. Zunguka gari zima kabla ya kufungua mlango, ukianza nyuma. Unatazama matairi, unatazama kama kuna oili au maji yaliyomwagika chini, lakini zaidi ya yote unatafuta watu. Mtoto wa miaka miwili akisimama nyuma ya Noah haonekani kwenye kioo chochote. Hesabu watoto wa nyumbani na wa jirani, ujue kila mmoja yuko wapi kabla ya kuketi. Anayebaki nyumbani awashike mkono. Kama bodaboda ameegesha nyuma yako, mwite asogee, usitegemee kwamba atasikia injini.

Ukiketi, safisha sakafu. Chupa ya maji iliyoviringika chini ya pedali ya breki huizuia isishuke. Mkeka uliowekwa juu ya mkeka mwingine hupanda na kunasa pedali ya mafuta. Mwaka 2009 Toyota ilitangaza Marekani urekebishaji wa mamilioni ya magari kwa sababu ya mikeka inayonasa pedali, na kwetu mikeka hutolewa na kurudishwa kila gari linapooshwa. Vua kandambili, maana hukunjika na kuteleza. Sogeza kiti mpaka uweze kukanyaga breki hadi mwisho huku goti likiwa limekunjika kidogo. Rekebisha vioo, funga mkanda. Haya yote hufanyika injini ikiwa imezimwa, kwa sababu baada ya kuwaka akili inataka kwenda.

Halafu mguu wa kulia kwenye breki, kwa nguvu, katika gari la aina yoyote. Kwenye klachi, mguu wa kushoto unashusha klachi na mkono unatikisa gia. Kwenye otomatiki, mguu wa kushoto unaketi pembeni na kubaki hapo, na gia iwe P. Otomatiki huwaka hata kwenye N, lakini kwenye N hakuna kinachoyazuia magurudumu isipokuwa breki zako.

Zungusha ufunguo hatua ya kabla ya kuwasha, kisha subiri kidogo na usome dashibodi. Taa za onyo zitawaka: ya oili, ya betri, ya injini, ya mifuko ya hewa, ya breki. Kuwaka kwake ni gari kukuonyesha kuwa taa hizo ni nzima. Taa isiyowaka hapo imekufa au imekatwa, na siku ya hatari haitakuonya. Sasa piga stata. Ya oili inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Ikibaki inawaka, zima injini mara moja, kwa kuwa injini bila presha ya oili hujisaga yenyewe. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, ipumzike, kisha ujaribu tena.

Injini ikiwa ya baridi huzunguka kwa kasi kuliko kawaida. Kwenye otomatiki hilo lina uzito, kwa sababu nguvu hupita kwenye oili ya gia boksi moja kwa moja bila klachi ya kukanyaga, na ukiingiza D wakati ule gari linasukuma mbele kwa kishindo. Ni kishindo kama kile kilichowashtua madereva wa Audi. Subiri mzunguko utulie, nusu dakika hivi, kisha breki ikiwa bado chini ingiza D au R na ulisikie gari likishika. Sasa achia breki ya mkono, tazama vioo, tazama kwa shingo, achia breki polepole. Kwenye tambarare otomatiki itaanza kutambaa yenyewe bila mafuta. Uani na kwenye maegesho, kutambaa huko kunatosha. Mguu usiende kwenye mafuta mpaka njia iwe wazi.

Mlimani pana jambo lake. P ya otomatiki inashikiliwa na kipande kidogo cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gurudumu ndani ya gia boksi. Ukiegesha mlimani na kuiachia P peke yake, gari zima linaegemea kipande hicho, na siku ya kutoka utasikia mlio mzito. Kwa hiyo unapoegesha, vuta breki ya mkono kwanza ukiwa N huku umekanyaga breki, iache ibebe uzito, ndipo uweke P. Kwenye klachi mlimani, shikilia kwa breki ya mkono, tafuta pale klachi inapouma, ongeza mafuta kidogo, kisha achia. Dereva anayeyajua haya harudi nyuma hata hatua moja, na wa nyuma yake hana sababu ya kupiga honi.

Na gari likigoma? La klachi linaweza kusukumwa na kuwashwa kwa gia ya pili. Lakini injini iliyozimwa haisaidii usukani wala breki: usukani unakuwa mzito, na breki baada ya kukanyagwa mara chache inakuwa ngumu kama jiwe. Asisukume mtu akiwa mbele ya gari, na lisisukumwe kuelekea barabara kuu au mteremko. Otomatiki ya kawaida haiwashwi kwa kusukumwa, kwa kuwa pampu ya gia boksi yake huzungushwa na injini. Wasukumaji wanachoka bure. Ukitumia waya za kubusti betri, unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho iende kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake. Betri hutoa gesi inayolipuka, na cheche ya mwisho haifai kuwa juu yake.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema haya ni ya wanaoanza, dereva mzoefu hana haja nayo. Lakini mazoea hayamkingi mtu na kosa la pedali. Aprili 2019, mtaani Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 mwenye miongo mingi ya udereva aliwagonga watu barabarani na kuwaua mama na bintiye wa miaka 3. Alishikilia kuwa gari lilikuwa bovu. Mwaka 2021 mahakama ilikuta kuwa alikanyaga mafuta akidhani ni breki, ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Ajali ile haikutokea wakati wa kuwasha, ila kosa la mguu ni hilo hilo. Japan imeamua kuwa kuanzia Septemba 2028 magari mapya ya otomatiki yaanze kuwekewa mtambo wa kuzuia kuchomoka pale dereva anapokanyaga mafuta ghafla mbele ya kizuizi. Ni habari njema kwao. Kwetu, tunaonunua magari baada ya wao kuyatumia kwa miaka, mtambo huo utachelewa kufika. Mpaka ufike, kinga tuliyo nayo ni mafunzo ya mguu.

Wengine watasema ajali za uani ni chache. Wanajuaje? Hesabu za ajali huandikwa barabarani. Mtoto akigongwa na gari la babake ndani ya geti, familia hulia, majirani huja, na mara nyingi jambo huishia kaburini bila kuingia kwenye jedwali. Marekani yenyewe ilianzisha mfumo wa kitaifa wa kuhesabu vifo vya magari nje ya barabara za umma mwaka 2007 tu. Baada ya hapo Bunge lao lilipitisha sheria iliyopewa jina la mtoto wa miaka 2 aliyegongwa na baba yake akirudisha gari nyuma, na kutokana nayo kamera ya nyuma imekuwa lazima kwenye magari mapya tangu Mei 2018. Walianza kuchukua hatua walipoanza kuhesabu.

Lipo pia jambo linalokuja. Magari ya haibridi kama Toyota Aqua yameanza kuzoeleka mitaani. Ukibonyeza kitufe huku umekanyaga breki, gari liko tayari kwenda na mara nyingi hakuna sauti yoyote ya injini. Taa ndogo ya READY ndiyo habari pekee. Wazazi wetu walitulea kwa agizo kwamba ukisikia gari limewaka ondoka. Watoto wetu watahitaji agizo jingine: gari likiwa na mtu kwenye kiti cha dereva, ondoka. Na mwenye gari asitoke nje akiacha READY inawaka, kwa kuwa mtoto aliyebaki ndani anaweza kuligusa gari analodhani limezimwa.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Shule za udereva ziongeze saa mbili za otomatiki kwa kila mwanafunzi anayefundishwa kwa klachi, na saa moja kati ya hizo iwe ya kuwasha na kutambaa tu, uwanjani, mguu wa kushoto ukiwa umetulia. Japan ilitenga leseni ya otomatiki peke yake tangu 1991, na Kenya ina daraja lake la B1. Sidai tuige leseni zao, nadai tukiri kama wao kwamba haya ni magari mawili yenye mafunzo mawili. Mtahini wa trafiki aanze kutoa alama mtahiniwa anapolizunguka gari, kabla hajaketi. Asiyezunguka ashindwe, kama anavyoshindwa anayepita taa nyekundu.

Waagizaji wa magari nao wana wajibu. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hukagua magari yaliyotumika kabla hayajaingia mikononi mwetu. Iongeze sharti moja: kila gari likabidhiwe na karatasi ya Kiswahili, ukurasa mmoja, inayoeleza namna ya kuliwasha, maana ya taa zake na kazi ya vifuli vyake. Yadi iliyouza gari la mamilioni ya shilingi haiwezi kushindwa na karatasi. Jeshi la Polisi lianze kuandika ajali za uani na za maegesho katika fungu lake. Wenye sehemu za kuosha magari waweke kanuni kwamba ufunguo haukai ndani ya gari linalooshwa, na asiye na leseni hapewi kazi ya kusogeza magari.

Na majumbani tusisubiri waraka. Wengi wetu huanza safari kwa dua, na ni vyema. Tulizunguke gari kwanza, kisha tuombe. Watoto wafundishwe mahali pa kusimama injini inapowashwa, na mtu mzima mmoja awe na kazi ya kusimama nao kila asubuhi. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee, na hakuna mahali ambapo kauli hiyo inadai sekunde chache kuliko hapa.

Dereva akiketi kwenye kiti chake ana mkanda, ana mfuko wa hewa, ana chuma pande zote. Aliye nyuma ya gari, awe mtoto, muosha magari au muuza matunda, hana hata kimoja. Kinga yake yote ni utaratibu wa mtu mwingine. Kinga ya namna hiyo haiwezi kuachiwa hiari na mazoea ya kila dereva. Ifundishwe darasani, ipimwe kwenye mtihani wa leseni, na asiyeiweza asikabidhiwe ufunguo.